Wino Mweusi na Mizizi ya Vetiva: Tafakuri juu ya Kunuka na Kunukia

Jioni moja nilijipulizia manukato mapya aliyoniletea binti yetu kutoka safarini, nikavaa kanzu, nikatoka barazani. Mama Rehema alikuwa anapeta mchele. Aliinua uso, akavuta pumzi mara mbili, kisha akauliza: “Baba Rehema, mbona leo unanuka udongo wa kaburi?”

Sikujibu. Kwa mtu aliyefundisha sarufi maisha yake yote, kilichonichoma kwanza hakikuwa kaburi bali kitenzi. Angalisema “unanukia udongo”, ningalicheka naye. Alisema “unanuka”. Baina ya maneno hayo mawili pana irabu moja tu, nayo ndiyo iliyonirudisha chumbani kuitazama upya ile chupa, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Chupa yenyewe ni mchemraba wa kioo cheusi, mzito mkononi. Jina la manukato hayo ni Encre Noire, yaani Wino Mweusi kwa Kifaransa. Yalitolewa mwaka 2006 na nyumba ya Lalique, na mtungaji wake ni Nathalie Lorson. Nyumba hiyo ina jina la René Lalique (1860–1945), sonara aliyegeukia kioo, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alianza kumtengenezea chupa mfanyabiashara wa manukato François Coty. Chupa hii imeundwa kwa sura ya kidau. Sisi tuliosoma shule za msingi wakati madawati yalikuwa bado na tundu la kuwekea kidau, vidole vikishinda na madoa hadi Ijumaa, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Nikaanza kuyavaa kwa makini, siku baada ya siku, kama mtu anayesoma shairi gumu. Dakika za mwanzo yana ukali wa majani ya mvinje yaliyovunjwa mkononi, ukali ulio karibu na uchungu. Hayana tamu hata chembe. Hakuna asumini, hakuna ndimu, hakuna waridi. Baada ya robo saa mvinje hurudi nyuma na udongo hupanda: udongo mbichi, wenye mizizi iliyokatwa, na juu yake uzi mwembamba wa moshi. Ikifika saa ya tatu unyevu hukauka, na kinachobaki ni mbao kavu za kabati la zamani lililofungwa muda mrefu. Kanzu niliyoivaa Jumatatu ilikuwa ingali na harufu hiyo Jumatano. Na jambo lililonishangaza ni kwamba katika joto letu manukato haya hayaelemei. Yanaleta ubaridi, kama kusimama kando ya kisima kirefu.

Asili ya harufu hiyo ni vetiva, nyasi ndefu iliyo jamaa ya mchaichai na mtama. Majani yake hayana la kusifiwa puani. Utajiri wote umo katika mizizi, ambayo hushuka chini wima, hata mita tatu na zaidi. Hapa ndipo mpenzi wa lugha anapopata chakula chake. Jina vetiva limetoka katika Kitamil, lugha ya kusini mwa India, ambamo *ver* ni mzizi, na sehemu ya kwanza ya neno yahusishwa na kukata au kuchimbua. Watu wa Java huiita *akar wangi*: *akar* ni mzizi, *wangi* ni wenye kunukia. Mataifa mawili yaliyotenganishwa na bahari yaliitazama nyasi moja, na yote mawili yakaliita jina lile lililokuwa chini ya ardhi wala si lililokuwa juu.

Kaskazini mwa India mmea huo huitwa *khas*. Abul Fazl, mwandishi wa kasri ya mfalme Akbar, alieleza katika kitabu chake Ain-i-Akbari, mwishoni mwa karne ya 16, vyumba vilivyojengwa kwa mizizi hiyo na kumwagiwa maji nyakati za joto. Desturi hiyo ilidumu. Mizizi ilisukwa ikawa pazia za kutundikwa milangoni na madirishani. Pazia zikiloweshwa, upepo wa moto ulipita katikati yake ukaingia ndani ukiwa baridi na wenye kunukia. Kwa hiyo vetiva haikuwa kitu cha kujipaka tu, ilikuwa pia kitu cha kuishi ndani yake. Ubaridi nilioudhani ni mawazo yangu ulikwisha kujulikana na watu wa India kwa karne nyingi.

Katika mji wa Kannauj, ambao hadi leo ni mji wa uturi, mafundi hukeneka mafuta ya mizizi hiyo katika mitungi ya shaba, yaani huichemsha na kuutonesha mvuke wake. Mafundi hao hao hukeneka pia uturi wa udongo uliochomwa, ili waihifadhi ndani ya kichupa harufu ya mvua ya kwanza inapogusa ardhi kavu. Mambo ya udongo, basi, si aibu mbele ya waliobobea katika sanaa hii.

Kutoka India mmea ulisambaa katika nchi za joto. Kisiwa cha Réunion, jirani yetu katika Bahari ya Hindi, kilipata sifa kwa vetiva iliyoitwa Bourbon, kwa jina la kale la kisiwa chenyewe. Java ilijulikana kwa mafuta yenye moshi. Leo lakini nchi inayoongoza kwa mafuta ya vetiva ni Haiti, hasa kusini, katika sehemu za Les Cayes. Huko zao hili liliingia hata katika siasa: Louis Déjoie, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa na biashara ya mafuta ya mimea, aligombea urais mwaka 1957 akashindwa na François Duvalier. Mwaka huo huo huko Paris nyumba ya Carven ilitoa manukato ya wanaume yaliyoitwa Vétiver tu, na baada ya muda mfupi Guerlain nayo ikatoa ya kwake kwa jina hilo hilo. Tangu hapo mzizi huu umehesabiwa Ulaya kuwa harufu ya mwanamume nadhifu: shati jeupe, sabuni, tumbaku kidogo. Wino Mweusi ulikuja nusu karne baadaye ukaivua harufu hiyo sabuni yake, ukairudisha shimoni ilikotoka.

Hesabu ya shimo hilo si nyepesi. Mizizi hungojewa mwaka mmoja au zaidi ndipo ichimbwe, na huchimbwa kwa jembe na sururu. Kilo 100 zake hutoa mafuta ya kilo moja hivi, baada ya kuchemshwa muda mrefu. Na kuna kinaya ndani yake. Vetiva ndiyo nyasi ambayo wataalamu wa hifadhi ya ardhi huisifu duniani kote, kwani ikipandwa mstari kwenye mteremko hushika udongo usichukuliwe na maji. Anayeipanda kwa ajili ya mafuta, hata hivyo, hana budi kuing’oa, na mteremko ukishang’olewa mvua hufanya itakalo. Mkulima mwenye shida ya ada au dawa huing’oa kabla haijakomaa. Kile kile kishikacho ardhi ndicho kinachouzwa.

Sasa nirudi kwenye irabu yangu.

Pwani yetu ina elimu ya manukato ya kale. Al-Masudi, aliyesafiri hadi nchi ya Zanji katika karne ya 10, aliiandika ambari ya pwani hii. Udi, miski, kafuri, marashi na uturi ni maneno tuliyoyapokea pamoja na vitu vyenyewe, kwa njia ya Waarabu na pepo za biashara. Neno manukato, hata hivyo, ni letu wenyewe, nalo lina siri. Wazee walisema *manuka*, maana yake harufu. Mwishoni wakaongeza *-to*, kiambishi cha kale chenye maana ya wema au ukamilifu, ambacho washairi wanakijua: *sikizato* ni kusikiza vyema. Manukato ni manuka mema. Kwa hiyo shina *nuka* halikuwa tusi. Lilikuwa neno la harufu tu, likihitaji *-to* ili lisifu. Baadaye ubaya ukaliangukia peke yake, na sifa ikahamia kwa ndugu yake, *nukia*.

Na kwa nini *nukia*? Wanafunzi wangu niliwaambia kuwa ni kauli ya kutendea, nikaendelea na somo. Leo naona niliwapunja. Tazama *hama* na *hamia*. Anayehama anaondoka, basi. Anayehamia anafika mahali, na mahali hapo panamjua. Mimi nausoma uhusiano wa *nuka* na *nukia* kwa njia hiyo: harufu inayonuka imetoka tu, imeachiwa hewani, harufu inayonukia imetoka ikamwendea mtu, naye akaipokea. Wema wake umo katika kupokewa.

Hapo ndipo nilipoelewa swali la barazani. Miezi mitatu kabla ya jioni ile tulimzika shemeji yangu, kaka yake Mama Rehema, siku ya mvua. Nilishuka mwanandani pamoja na wenzangu, nikarudi nyumbani na pindo la kanzu limejaa udongo. Wanawake wa kwetu hawafuati jeneza hadi makaburini. Harufu ya kaburi huijua kwa kanzu zetu tunaporudi. Mama Rehema ndiye aliyeifua kanzu ile, kwa mikono yake, pasipo kusema neno. Nami nikamtokea barazani jioni tulivu nikiwa nimevaa harufu ile ile, nimeilipia na kuifurahia. Hakukosea kitenzi. Mimi ndiye niliyekuwa sijauliza harufu yangu inamwendea nani.

Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, husomwa zaidi kama mafundisho ya mke kujipamba. Lakini mumo humo mama anamwagiza bintiye amtengeneze mumewe ndevu na kumfukiza udi asubuhi na jioni. Nimeufundisha utenzi huo miaka mingi bila kulitia uzito jambo hilo: mwanamume wa utenzi hajipulizii. Hunukizwa, kwa mkono wa mtu atakayeivuta harufu hiyo siku nzima. Tunaweza kubishana juu ya mengine yaliyomo katika wosia ule, ila kwa hili naona mtunzi aliijua sarufi ya harufu kuliko mimi.

Sikuitupa chupa. Nilimweleza Mama Rehema habari za mizizi, za pazia za India na za wakulima wa Haiti, naye alisikiliza huku akichambua mchicha. Mwisho akasema kwamba nyasi haina kosa. Siku ya Ijumaa aliichukua kanzu yangu akaitandaza juu ya chetezo cha udi, ikakaa hapo hadi moshi ulipoingia katika nyuzi. Kisha akanipa chupa yangu nyeusi, akaniruhusu nipulize mara moja tu, kifuani. Udi uliuzunguka udongo ukaufunika nusu; mizizi ilibaki chini, ikisikika kwa mbali.

Akavuta pumzi mara mbili kama desturi yake. “Leo afadhali,” akasema.

Niliona ameepuka vitenzi vyote viwili, sikumsahihisha.

Wapenzi wa lugha, nina ombi. Kiambishi *-to* kinatoweka, na pamoja nacho yanatoweka maneno ambayo wazee walitofautishia harufu: shombo na vumba za samaki, kutuzi ya jasho, uvundo wa kilichooza. Tumebakiwa na “harufu nzuri” na “harufu mbaya”, kama mpishi aliyebakiwa na chumvi peke yake. Mwenye bibi au babu aliye hai amuulize jioni hii alivyoiita harufu ya mvua ya kwanza, ya nguo iliyokunjwa sandukuni, ya mtoto aliyetoka kuoga, kisha atuletee jibu hapa kwa lahaja ya kwao, tulihifadhi.