George Herriman

George Joseph Herriman (22 Agosti 1880 – 25 Aprili 1944) alikuwa mchora katuni wa magazeti nchini Marekani. Anakumbukwa zaidi kwa Krazy Kat, katuni ya mfululizo iliyotoka kuanzia mwaka 1913 hadi 1944, ambayo wachoraji wengi waliomfuata wanaihesabu kuwa kilele cha sanaa hiyo magazetini. Sifa hiyo anaistahili. Wenzake walihangaika kutafuta kisa kipya kila kukicha. Yeye alishika kisa kimoja kwa miaka 30, na hakikuchuja.

Alizaliwa New Orleans, jimbo la Louisiana, katika familia ya Wakrioli, watu wenye asili mchanganyiko ya Kiafrika na Kizungu. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Enzi hizo, haki ambazo watu weusi wa Kusini walizipata baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe zilikuwa zikinyang'anywa moja baada ya nyingine. Mwaka 1890 Louisiana ilipitisha sheria ya kutenga abiria wa treni kwa rangi zao. Karibu na mwaka huo familia ilihamia Los Angeles, mahali ambapo hakuna aliyeijua, ikahesabiwa ya Kizungu. George alikulia ndani ya siri hiyo na akaishi nayo hadi kufa. Kazini walimwita Mgiriki. Katika picha zake nyingi amevaa kofia, hata akiwa ndani.

Mwaka 1900 alikwenda New York kutafuta kazi ya kuchora. Mwaka 1902 alimwoa Mabel Lillian Bridge, na mwaka huohuo akachora Musical Mose, katuni iliyodumu muda mfupi sana. Inamhusu mwanamuziki mweusi anayejifanya mtu wa taifa jingine ili apate riziki, na anapogunduliwa huambulia kipigo. Anayejua habari za familia ya mchoraji hawezi kuipitia katuni hiyo kwa wepesi. Baadaye Herriman aliingia katika magazeti ya William Randolph Hearst, akafanya kazi New York na Los Angeles, akibuni na kuacha mifululizo kadhaa.

Krazy Kat ilianza kama kijipambo. Mwaka 1910, katika The Dingbat Family, katuni yake kuhusu familia inayosumbuliwa na majirani wa ghorofa ya juu, Herriman alijaza nafasi tupu chini ya visanduku kwa kuchora paka na panya. Tarehe 26 Julai panya alimrushia paka kitu kichwani. Wasomaji wakawapenda. Oktoba 1913 wanyama hao walipewa katuni yao wenyewe, na Aprili 1916 wakapata ukurasa mzima kila wiki.

Kisa chenyewe ni hiki. Paka Krazy anampenda panya Ignatz. Ignatz hamtaki, na kazi yake ni kumpiga tofali la kichwa. Krazy huona tofali hilo ni salamu ya mpenzi. Mbwa askari, Offissa Pupp, naye anampenda Krazy kimyakimya, hivyo humtia Ignatz jela. Herriman hakuamua kama Krazy ni dume au jike. Mazungumzo aliyaandika kwa Kiingereza kilichovunjwavunjwa na kuchanganywa na Kihispania, Kifaransa na Kiyidi, hadi sauti ya maneno ikawa nusu ya utamu. Mandhari aliitoa katika jangwa la Arizona na Utah, hasa Monument Valley, alikopenda kwenda. Kutoka kisanduku kimoja hadi kingine mlima hugeuka mti, na mchana hugeuka usiku, ilhali wahusika hawajasogea. Nakshi za mablanketi na vyungu vya Wanavajo, wenyeji wa eneo hilo, zimo kila mahali. Hata mpangilio wa visanduku aliubadili kila wiki, jambo ambalo wachoraji wachache walithubutu.

Wasomaji wa kawaida wengi hawakuielewa, na wahariri walitamani kuiondoa. Iliyoikinga ni amri ya Hearst mwenyewe, aliyeipenda na kuilinda. Wasanii nao waliitambua mapema: mwaka 1922 mtunzi wa muziki John Alden Carpenter aliigeuza kuwa baleti ya jazi, na mwaka 1924 mhakiki Gilbert Seldes, katika kitabu chake The Seven Lively Arts, aliisifu kama mojawapo ya kazi bora za sanaa ya Marekani.

Miaka ya mwisho ilikuwa migumu. Mabel alifariki katika ajali ya gari mwaka 1931, na binti yao mdogo akafariki mwaka 1939. Hata hivyo kurasa za rangi za kuanzia mwaka 1935 ni miongoni mwa nzuri kuliko zote alizochora. Alifia Los Angeles, na majivu yake yakamwagwa Monument Valley. Kampuni ya King Features, iliyosambaza katuni hiyo, haikumpa mtu mwingine kazi yake, ingawa katuni nyingine zilizofiwa na wachoraji ziliendelezwa. Krazy Kat ikakoma Juni 1944, kurasa alizoziacha zilipokwisha.

Cheti cha kifo kilimwandika Mzungu. Mwaka 1971 msomi Arthur Asa Berger alikipata cheti cha kuzaliwa, kilichomwandika mtu wa rangi, na tangu hapo kurasa nyingi za Krazy Kat zimesomwa upya. Katika mmojawapo Krazy, ambaye ni mweusi, anatoka saluni akiwa mweupe. Ignatz anampenda papo hapo, hadi anapogundua ni nani, ndipo anapookota tofali.