Baby Peggy: mtoto aliyelisha jamaa yake kwa sinema

Peggy-Jean Montgomery alikuwa mtoto wa Marekani aliyejulikana duniani kwa jina la Baby Peggy. Alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1918 katika mji wa San Diego, jimbo la California. Baba yake, Jack, alikuwa mchunga ng'ombe aliyeingia katika kazi ya sinema. Alipanda farasi na kuanguka mahali pa wachezaji wakubwa, kama Tom Mix, ili wao wasivunjike mifupa.

Wakati ule sinema ilikuwa bado haina sauti. Mchezaji alisema kwa uso na kwa mikono, kwa hiyo hata mtoto ambaye hajajua kusema vizuri aliweza kuifanya kazi hiyo. Peggy alikuwa na miezi 19 tu alipopelekwa Century Studio, kule Hollywood, na mkurugenzi wa filamu akashangaa kuona jinsi anavyotii. Baba alikuwa amemzoeza: akipiga vidole, mtoto analia, akipiga tena, anacheka. Wakamchezesha pamoja na mbwa mmoja aliyeitwa Brownie, na watu wakampenda sana.

Kufikia mwaka wa 1924 alikuwa amecheza filamu fupi karibu 150. Alifanya kazi saa nane kwa siku, siku sita kwa juma. Katika The Darling of New York, ya mwaka wa 1923, waliwasha moto wa kweli ndani ya chumba. Mlango ambao alipaswa kupitia ukashika moto, ikabidi atafute njia mwenyewe na kutokea dirishani. Hakuwa hata na miaka mitano!

Mwaka huo huo aliahidiwa mkataba wa dola 1,500,000 kwa mwaka. Wazazi walinunua magari, nguo na nyumba. Hawakumwekea akiba. Kisha, mwaka wa 1925, baba aligombana na mwenye kampuni ya filamu juu ya malipo, na milango ya Hollywood ikafungwa. Mtoto akaanza kuzungushwa mji kwa mji, akicheza jukwaani, na kwa kila onyesho wazazi walimpa sarafu ya senti tano.

Kwetu pia mtoto anayeuza maandazi ili nyumba ipate kula si ajabu, na mimi siwezi kumhukumu mzazi aliyekimbia vita bila kubeba hata sufuria. Lakini Jack hakukimbia kitu. Alikuwa na mali mikononi, na mali ile haikuwa yake.

Uchumi ulipoanguka mwaka wa 1929, kidogo kilichobaki kikapotea. Peggy alirudi Hollywood akiwa msichana, akasimama nyuma ya wachezaji wengine kama mtu wa kujaza kundi, na jamaa yake ikapokea chakula cha msaada.

Jackie Coogan, mvulana aliyecheza na Charlie Chaplin katika The Kid, aliliwa pesa zake vilevile. Yeye aliwashtaki mama yake na baba yake wa kambo mwaka wa 1938. Mwaka uliofuata California ikaweka sheria ya kulinda sehemu ya mapato ya mtoto mchezaji. Peggy alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima na mke wa mtu.

Alibadili jina, akaitwa Diana Serra Cary. Aliuza vitabu, halafu akaanza kuviandika mwenyewe. Mwaka wa 1978 alitoa Hollywood's Children, historia ya watoto wa sinema, na mwaka wa 1996 akaeleza maisha yake mwenyewe katika kitabu kingine. Alifariki tarehe 24 Februari 2020, akiwa na miaka 101.

Filamu zake nyingi zimepotea, maana Century Studio iliungua mwaka wa 1926. Captain January, ya mwaka wa 1924, ingali ipo. Humo anacheza mtoto aliyeokolewa baharini na kulelewa na mzee mlinzi wa mnara wa taa, mpaka siku watu wa ukoo wake wanapokuja kumdai.