Historia ya Kupanda Mlima: Kutoka Reli ya Mombo hadi Pikipiki za Umeme

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na ndani ya kilomita hizo unapanda karibu mita 1,000. Historia ya usafiri wa Usambara Magharibi ni historia ya mwinuko huo: nani aliupanda, kwa nguvu gani, na gharama ililipwa na nani.

Enzi za Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala Ushambaa akiwa Vuga hadi mwaka 1862, nguvu ilikuwa ya miguu. Mmisionari Krapf alifika Vuga mwaka 1848 na 1852, wapelelezi Burton na Speke wakafuata 1857, na mizigo ya wageni ilikaa vichwani mwa wapagazi. Wajerumani walipoifanya Lushoto kuwa Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaisari wao, walijenga reli kwenye tambarare. Ilianzia Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, halafu ikaambaa chini ya mlima hadi Moshi mwaka 1911. Lushoto haikupandwa na treni. Kwa mierezi ya Shume, kampuni ya Wilkins na Wiese ilitundika waya, na mbao zikateremka zikining'inia hadi stesheni ya Mkumbara. Mali ya mlima ilipata njia ya kushuka. Aliyetaka kupanda alijitegemea.

Barabara na malori vilisaidia, na kabichi, karoti na viazi vya Lushoto vikafika Kariakoo. Lakini gari halifiki kila kitongoji. Pengo hilo limezibwa na bodaboda, kazi iliyoanza kwa baiskeli kwenye mpaka wa Busia miaka ya 1960. Nchini Tanzania, pikipiki ya abiria ilitambuliwa na sheria kwa marekebisho ya mwaka 2009 na kanuni za 2010. Leo kijana wa kijiweni Lushoto anapeleka abiria Mlalo, Malindi au Mtae kwa Boksa au TVS. Jioni anatoa hesabu ya bosi, anatoa ya mafuta, na kinachobaki ndicho chake. Milimani gia ya kwanza inakunywa petroli kwelikweli, na akibeba mishikaki inakunywa zaidi.

Wakati sheria hizo zinaandikwa, huko Marekani pikipiki ya umeme ilikuwa imeshajibu dharau ya waliodhani haina nguvu. Tarehe 10 Novemba 2007, mjini Phoenix, KillaCycle, pikipiki ya Bill Dube ikiendeshwa na Scotty Pollacheck, ilimaliza robo maili, yaani mita 402, kwa sekunde 7.824, ikifikia mwendo wa kilomita 270 kwa saa. Mwaka 2012 Larry McBride, bingwa wa pikipiki za mafuta, alipanda ya umeme akamaliza umbali uleule kwa sekunde 6.94, akiwa amepita kilomita 320 kwa saa.

Siri yao ni ya kawaida. Injini ya petroli haina nguvu ikiwa imesimama. Lazima izunguke kwanza, ndipo klachi iachiwe taratibu. Mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha tairi tangu mzunguko wa kwanza. Kinachomrusha mshindani Phoenix ndicho anachokihitaji dereva wa Lushoto anapoondoka kwenye mwinuko akiwa na gunia la viazi nyuma.

Tofauti iko kwenye joto. Pikipiki ya mashindano hufanya kazi sekunde saba, kisha inapumzika. Ya bodaboda itapanda kutoka Mombo kwa nusu saa na zaidi, polepole, imelemewa, na umeme mwingi unaopita kwenye waya huzaa joto. Kwa hiyo anayekuuzia pikipiki kwa kukuonyesha inavyochomoka kwenye lami tambarare hajakuonyesha kitu. Mlima haupimi kuchomoka, unapima kustahimili.

Afrika Mashariki imeshaanza kupima. Kigali, mji wa vilima, kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kuwabadilishia madereva betri iliyoisha kwa iliyojaa. Nairobi, Opibus iliyoanzishwa 2017 ilijiita Roam mwaka 2022, na inaunda pikipiki palepale. Mwaka 2024 pikipiki yake ilitoka Nairobi, ikakatiza Tanzania, ikafika Stellenbosch, Afrika Kusini, karibu kilomita 6,000, ikichajiwa kwa umeme wa jua.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Pikipiki, dereva na abiria wakiwa na kilo 250, kuwainua mita 1,000 kunahitaji takriban kilowati-saa 0.7. Ongeza msuguano, upepo na joto, na safari nzima itabaki chini ya betri ya kilowati-saa 3, kipimo kinachokaribiana na betri za bodaboda nyingi za umeme. Wakati wa kushuka, mota yenye breki inayorudisha umeme hurudisha sehemu ya nguvu hiyo, ila betri iliyojazwa pomoni Lushoto haina nafasi ya kuipokea. Anayeteremka Mombo aondoke na betri yenye nafasi.

Na umeme wenyewe si mgeni. Maji ya mlima huu huteremkia mito ya Mkomazi na Lwengera, yakaingia Pangani, yakazungusha mitambo ya Hale, megawati 21, na ya New Pangani Falls, megawati 68. Zamani mlima ulishusha mbao zikaenda moja kwa moja. Safari hii kinachoshuka kinaweza kurudi juu kikiwa nguvu.

Lakini hakitarudi kwa maneno. Wauzaji wanaoitamani Lushoto waweke vituo vya kubadilishia betri Mombo, Soni na Lushoto mjini kabla ya kuweka mabango. Halmashauri iwape viwanja karibu na vijiwe. Nawe dereva, usisaini mkataba wa pikipiki ya umeme kabla hujaipandisha mwenyewe kutoka Mombo, abiria akiwa nyuma, bila kuipumzisha njiani. Ikifika Lushoto haijapunguza nguvu wala kuzimika kwa joto, hapo zungumza bei.