Al-Biruni na elimu ya vito

Abu Rayhan al-Biruni (973–takriban 1050), mwanazuoni mzaliwa wa Khwarezm, alimwandikia Sultani Mawdud wa Ghazni, katika Afghanistan ya leo, kitabu cha johari. Humo alieleza yakuti, zumaridi, almasi na lulu: zinakopatikana, bei zake na sifa zilizosimuliwa juu yake. Wengi waliamini kwamba nyoka akitazama zumaridi hupofuka. Al-Biruni alilijaribu dai hilo kwa miezi tisa, wakati wa joto na wa baridi, akimvika nyoka mkufu wa zumaridi na hata kumtandikia vito hivyo. Macho ya nyoka huyo hayakudhurika. Uvumilivu huo ni wa kustaajabisha. Alilinganisha pia uzito wa vito na wa maji yaliyofurika chomboni vilipotumbukizwa, njia inayosaidia hadi leo kubaini vito bandia.