Istilahi za tiba huzaliwa vitabuni

Kila linapozuka suala la kufundisha udaktari au fizikia kwa Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu, jibu huwa ni lile lile: lugha hii haina istilahi za kutosha. Wenzangu wa idara za sayansi hulitoa jibu hilo kwa upole kabisa, kana kwamba wanataja hali ya hewa. Nami huwauliza: je, Kiarabu kilikuwa nazo?

Mwanzoni mwa karne ya 8, Kiarabu kilikuwa lugha ya Kurani, ushairi na utawala. Elimu ya tiba ilikuwa kwa Kiyunani, hasa katika vitabu vya Galen, tabibu wa karne ya 2, na kwa kiasi fulani kwa Kisiria, lugha ya Wakristo wengi wa Iraki na Shamu. Aliyechangia pakubwa kuigeuza hali hiyo ni Hunayn ibn Ishaq, aliyezaliwa Hira, Iraki, mwaka wa 808 na kufariki mwaka wa 873. Alikuwa Mkristo aliyewatumikia makhalifa wa Kiislamu. Thabit ibn Qurra, mwanahisabati aliyemfuata, alikuwa Msabii wa Harran. Elimu haikuwauliza dini zao.

Hunayn aliacha waraka unaoorodhesha vitabu 129 hivi vya Galen, na nani alitafsiri kipi. Humo anaeleza kwamba kitabu kimoja alikitafsiri akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, kutoka kwa nakala mbovu. Alipokaribia miaka arubaini, mwanafunzi wake Hubaysh alimwomba akirekebishe. Kufikia hapo alikuwa amekusanya nakala kadhaa za Kiyunani. Akazilinganisha kwanza, ndipo akashika kalamu. Kitabu kingine alikisaka Iraki, Shamu, Palestina na Misri hadi Iskandaria. Akaambulia karibu nusu yake tu, tena Dameski!

Sasa tuje kwenye istilahi zenyewe. Wayunani waliufananisha utando ulio nyuma ya jicho na wavu wa kuvulia samaki. Hunayn hakulikopa neno lao lilivyo. Alichukua *shabaka*, yaani wavu, neno ambalo hata mvuvi wa Basra angelielewa, akaunda *shabakia*. Baadaye watafsiri wa Ulaya walipokigeuza Kiarabu kuwa Kilatini walifuata wazo lilo hilo, na kutokana na neno lao la wavu tukapata retina. Hakuna kamati iliyoketi kulipitisha. Palikuwa na kitabu cha kuandikwa, na sentensi isingekamilika bila neno.

Mkondo huo ulitufikia hata sisi. Mama wa Lamu anaposema mwanawe ana balghamu kifuani, anatumia neno la Kiyunani lililopitia Kiarabu. Safura, tunayoihusisha na minyoo na upungufu wa damu, linatokana na jina la Kiarabu la nyongo ya manjano, mojawapo ya vile viowevu vinne vya tiba ya Galen. Na isidhaniwe kwamba tafsiri ni kivuli tu cha kitabu asilia: sehemu ya mwisho ya kazi kubwa ya Galen kuhusu upasuaji wa maiti ilipotea kwa Kiyunani, ikasalia kwa Kiarabu pekee.

Lakini hebu tusimtukuze Hunayn kama malaika. Alilipwa. Ibn al-Nadim anasimulia kwamba wana watatu wa Musa, ndugu waliopenda hisabati, walitoa kama dinari 500 kwa mwezi kwa ajili ya watafsiri.

Sisi tulianza na upande wa pili. Mwaka wa 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia*, na mwaka wa 2003 ikatoa *Kamusi ya Tiba*. Kazi nzuri zote mbili, ninazo rafuni. Ila istilahi zilizomo zinangoja sentensi za kuishi ndani yake. Kitabu cha anatomia cha kiwango cha chuo kikuu, kilichoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya mwanafunzi wa udaktari, bado sijakitia mkononi. Na daktari bingwa atakayetaka kukiandika atatumia miaka mitano bila malipo, huku mwenzake akipandishwa cheo kwa makala matatu katika majarida ya ng'ambo.