Leigh Brackett na Mwisho wa Hadithi

Mwaka 1962 neno moja la Kiswahili liliingia katika majumba ya sinema ya Marekani na Ulaya bila ya kufasiriwa. Neno lenyewe ni Hatari!, jina la filamu ya Howard Hawks iliyopigwa kaskazini ya Tanganyika, pande za Arusha na Momella, kabla ya nchi hiyo kupata uhuru wake. Humo John Wayne na wenzake wanawafukuza vifaru na twiga kwa magari, wanawatia kamba, kisha wanawapeleka kuuzwa kwenye bustani za wanyama za ng'ambo. Walioiona huyakumbuka magari yale, na kifaru, na muziki wa Henry Mancini unaowafuata watoto wa tembo. Ni wachache waliolisoma jina la mwandishi wa mswada wake, Leigh Brackett, aliyeijenga juu ya hadithi ya Harry Kurnitz. Na katika hao wachache si wengi waliotambua kuwa Leigh huyo ni mwanamke, au kuwa kazi yake ya asili ilikuwa ni kuandika habari za Mirihi.

Alizaliwa Los Angeles tarehe 7 Desemba 1915. Hadithi yake ya mwanzo ilichapishwa mwaka 1940 katika jarida la Astounding Science Fiction, na baadaye akapata makao katika Planet Stories, moja ya majarida yale ya karatasi duni yaliyouzwa kwa bei ndogo na kuwalipa waandishi kwa hesabu ya maneno. Wahakiki wa wakati huo hawakuyajali majarida hayo. Walakini, humo ndimo Brackett alimoiumba Mirihi yake: sayari kongwe iliyokauka, bahari zimekwisha kujitenga na miji, bandari zimebaki juu ya magenge zikitazama bonde tupu, na watu wake wenye fahari wakiwaangalia Wanadunia wanaowajia kwa biashara na kwa mabavu. Msomaji wa Al-Inkishafi hatauona ugeni mkubwa katika miji hiyo.

Shujaa wake mashuhuri, Eric John Stark, alitokea mwaka 1949. Ni mtoto wa Wanadunia aliyelelewa na wenyeji wa Utaridi, ngozi yake imegeuzwa nyeusi na jua la huko, na aghalabu husimama pamoja na wenyeji dhidi ya makampuni yanayokuja kuchimba madini. Kwa majarida ya Marekani ya mwaka 1949, jambo hilo halikuwa dogo. Kisha mwezi wa Julai 1965 chombo cha Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi, kikaleta picha za ardhi iliyojaa mashimo kama ya mwezini: hapana mifereji, hapana miji. Mwandishi mwingine angemzika shujaa wake hapo. Brackett alimhamishia Stark kwenye jua jingine, mbali na sayari zetu, akamwandikia riwaya tatu baina ya mwaka 1974 na 1976.

Njia yake ya kuingia katika sinema ilipitia mlango wa upelelezi. Mwaka 1944 alitoa riwaya iitwayo No Good from a Corpse. Hawks aliisoma, akayapenda mazungumzo yake makali, akamwagiza karani wake amwite huyo bwana Brackett. Aliyefika ni msichana asiyetimia miaka 30. Hawks hakurudi nyuma. Alimpa kazi ya kuifanya The Big Sleep, riwaya ya Raymond Chandler, iwe filamu, na mwenzake katika kazi hiyo alikuwa William Faulkner. Waligawana sura za kitabu, kila mmoja akaenda na zake, na baadaye Jules Furthman akatiwa kuyarekebisha yaliyobaki. Husimuliwa kwamba walipokwama wasijue ni nani aliyemuua dereva wa familia ile, Chandler alipelekewa simu ya maandishi kuulizwa, akajibu kuwa hata yeye hajui. Filamu ilitoka mwaka 1946 na dereva yule hajapata muuaji mpaka leo.

Kuitwa huko kulimkuta Brackett katikati ya hadithi, na hapa ndipo inapoanza kadhia iliyomfuata maisha yake yote. Alikuwa akiiandikia Planet Stories hadithi ndefu ya nchi ya Zuhura, Lorelei of the Red Mist, na alifika kama nusu yake. Akampa kijana aliyekuwa akikutana naye ufukweni Santa Monica kusomeana kazi zao. Kijana huyo ni Ray Bradbury, ambaye wakati huo jina lake lilikuwa halijatoka. Brackett hakuwa na muhtasari wa kumpa, kwani yeye hakuandika kwa muhtasari. Alianza na sentensi ya mwanzo akaifuata imfikishe itakapo. Bradbury aliendelea palepale wino ulipokatika, akaimaliza kwa njia aijuayo mwenyewe, na majira ya joto ya mwaka 1946 hadithi ikachapishwa kwa majina yao wawili.

Mwisho wa mwaka huohuo, tarehe 31 Desemba, Brackett aliolewa na Edmond Hamilton. Huyu alikuwa mkongwe wa hadithi za anga, na kwa miaka kama 20 tokea mwaka 1946 aliiandikia kampuni ya DC katuni za Superman na Batman, akachangia sana katika visa vya Legion of Super-Heroes, kundi la vijana wenye nguvu za ajabu waishio karne nyingi mbele yetu. Pamoja na mchoraji Sheldon Moldoff alimzua Batwoman mwaka 1956. Basi katika nyumba moja ya Kinsman, Ohio, mume aliwaandika mashujaa warukao juu ya majumba marefu, na mke akawaandika wapanda farasi wa Hawks na wapiga upanga wa Mirihi. Tabia zao za kazi hazikukutana. Hamilton hakuweza kuanza mpaka aujue mwisho. Mkewe hakuweza kuujua mwisho mpaka afike. Walijaribu kidogo sana kuandika pamoja, na si ajabu.

Hawks alimwita tena kwa Rio Bravo ya mwaka 1959, kisha Hatari!, kisha El Dorado na Rio Lobo. Kazi ya Tanganyika ilikuwa na ugumu wa peke yake, kwa kuwa wanyama hawafuati mswada. Mbio za kifaru zilipigwa kama kifaru alivyotaka, waigizaji wenyewe wakiwa juu ya gari, na mazungumzo ya jioni kambini yakashonwa baadaye kuviunganisha vipande hivyo. Ndiyo maana filamu ile imelegea kama safari, haina kilele wala haikitafuti. Inapendeza kwa ulegevu wake, ingawa jicho la msomaji wa huku halikosi kuona kuwa wote wenye majina na mapenzi na vichekesho humo wametoka Ulaya na Marekani. Mwandishi aliyempa Stark ngozi nyeusi na dhamiri ya wenyeji hakupata, au hakutafuta, nafasi ya kufanya vivyo hivyo pale palipokuwa na wenyeji wa kweli.

Katika El Dorado alionja uchungu wa kazi hii. Kwa kuifuata riwaya ya Harry Brown aliandika mswada wa huzuni ambao yeye mwenyewe aliuhesabu kuwa bora kuliko yote aliyopata kuandika. Hawks aliupenda, kisha taratibu akauvuta mpaka ukageuka kuwa Rio Bravo kwa mara ya pili. Brackett alipinga, akashindwa, akaandika alichoagizwa, na baadaye akawa anaitania filamu hiyo kuwa ni mwana wa Rio Bravo aliyerudi farasini. Mwandishi wa riwaya akikataa kubadilisha sura yake, kitabu kitachelewa. Mwandishi wa mswada akikataa, ataitwa mwingine. Brackett aliijua sheria hiyo na hakuilalamikia hadharani.

Mara moja tu sheria ilimpendelea. Mwaka 1973 Robert Altman aliiongoza The Long Goodbye, nayo pia inatokana na Chandler, na Brackett aliuandika mswada. Katika riwaya, mpelelezi Marlowe anaachana na rafiki aliyemhadaa, na basi. Brackett hakuridhika. Aliona kuwa mtu aliyesalitiwa hivyo, katika dunia ya miaka ya 1970, hawezi kuondoka kimyakimya. Akamfanya Marlowe amfuate rafiki yake hadi Mexico na kumpiga risasi. Wapenzi wa Chandler walighadhibika. Altman naye aliukubali ukali wa tamati ile hata akataka iandikwe katika mkataba wake kuwa haitabadilishwa na mtu. Altman aliyageuza mengi mengine, akawaachia waigizaji wajisemee wapendavyo, lakini risasi ile ni ya Brackett.

Kwa televisheni aliandika mara kwa mara, mathalan kipindi cha Alfred Hitchcock mwaka 1963 na The Rockford Files katika miaka ya 1970. La ajabu ni kuwa katika muda wote huo, zaidi ya miaka 30, hakuna aliyemwomba aandike filamu ya anga. Wazalishaji waliomjua kwa bastola na farasi hawakuwa wasomaji wa Planet Stories.

George Lucas ndiye aliyemwita, mwishoni mwa mwaka 1977. Star Wars ilikuwa imevunja rekodi zote na sehemu ya pili ilihitaji mwandishi. Hamilton alikuwa amekwisha kufariki mwezi wa Februari mwaka huo, na Brackett mwenyewe alikuwa na saratani. Walikaa siku kadhaa wakizungumza kisa, Lucas akitoa mpango wake, na Brackett akaenda kuandika. Mwezi wa Februari 1978 aliukabidhi mswada kamili. Tarehe 18 Machi alifariki dunia huko Lancaster, California.

Mswada huo una kiunzi cha The Empire Strikes Back kama ilivyotoka mwaka 1980: vita katika sayari ya barafu, mwalimu mdogo wa mwili aishiye kinamasini, mji ulio juu ya mawingu, pambano la Luke na Darth Vader. Walakini nyama yake ni nyingine. Mwalimu anaitwa Minch. Lando ni mtu aliyezalishwa kwa nakala katika vita vya zamani. Han Solo hagandishwi. Mwishoni anaondoka kumtafuta baba yake wa kambo. Kubwa kuliko yote, baba yake Luke anamtokea mwanawe akiwa mzimu mwema, anamjuvya kuwa anaye dada, aitwaye Nellith, na kumlisha kiapo. Vader ni adui tu. Neno lililowashtua watazamaji wa dunia nzima, kwamba Vader ndiye baba, halimo kabisa. Lilizaliwa baada ya kifo cha Brackett, katika mswada wa pili ambao Lucas aliuandika kwa mkono wake mwenyewe, kabla ya kumkabidhi Lawrence Kasdan aumalize.

Hata hivyo jina la Brackett liliwekwa juu ya filamu, mbele ya Kasdan. Wapo wanaosema ni ihsani tu ya Lucas kwa marehemu, kwani hayakubaki maneno mengi ya bibi huyo. Wengine husikia sauti yake katika kugombana kwa Han na Leia, mwanamume na mwanamke wanaorushiana maneno mpaka yanageuka mapenzi, kama walivyo katika filamu za Hawks. Dai hili la pili lina uzito, ingawa mistari yenyewe iliandikwa upya. Namna ya kusemezana huweza kubaki hata maneno yakiondoka.

Watunzi wa mwambao wanayo desturi ya takhmisi. Mtu huchukua ubeti wa mishororo miwili wa mtunzi aliyemtangulia, akautangulizia mitatu yake, na wa zamani hubakia na maneno yake kamili chini ya mapya, hata msikilizaji ajue mkono upi umeandika wapi. Ushirika wa Bradbury na Brackett ulikaribiana na adabu hiyo: nusu yake, nusu yangu, na kovu la kiungo linaonekana. Mswada wa filamu hautunzi adabu hiyo. Hapo jina huweza kubaki ilhali maneno yamefutwa, au maneno yakabaki na jina likafutwa, na Brackett alikuwa na bahati, kama ni bahati, ya kupata la kwanza. Tuzo ya Hugo ya mwaka 1981 ilikwenda kwa filamu hiyo akiwa kaburini, kwa hadithi ambayo tamati yake hakupata kuisikia.

Tuzo nyingine ilikuja mwaka 2020, wapenzi wa fani walipoamua kuzitunukia kazi za mwaka 1944 zilizokosa tuzo kwa kuwa wakati huo tuzo hazikuwapo. Katika riwaya walichagua Shadow Over Mars, iliyotoka mwaka uleule Hawks alipomtafuta yule bwana Brackett. Karatasi zake na za mumewe zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Eastern New Mexico, mjini Portales. Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kuusoma mswada wa Februari 1978 alibidi kusafiri mpaka huko, akaketi mezani, akapewa jalada. Humo baba yake Luke angali mzimu mwema, na dada yake angali anaitwa Nellith.