Upungufu wa vitamini D katika magonjwa sugu ya ini

Upungufu wa vitamini D katika magonjwa sugu ya ini ni hali ya kuwa na vitamini D kidogo mno mwilini kwa mtu ambaye ini lake limedhurika kwa muda mrefu, kwa mfano kutokana na homa ya ini ya aina B au C, pombe, mafuta kujaa katika ini au ugonjwa wa mirija ya nyongo. Huwapata wengi wa wagonjwa hao, hasa waliofikia sirosisi, yaani ini kujaa makovu na kuwa gumu.

Kazi ya ini

Vitamini D hutengenezwa hasa katika ngozi inayopigwa na jua. Kiasi kidogo hutokana na vyakula kama samaki wenye mafuta na kiini cha yai. Ini huibadilisha kuwa kalsidioli, kisha figo huigeuza kalsidioli kuwa kalsitrioli, ambayo husaidia utumbo kufyonza kalisi kwa ajili ya mifupa. Kipimo cha kawaida cha damu hupima kalsidioli.

Sababu

Ni rahisi kudhani kwamba ini bovu linashindwa tu kufanya mabadiliko hayo. Kumbe uwezo huo hudumu hata katika sirosisi, na hupungua sana pale tu ugonjwa unapokuwa umefika mbali. Sababu nyingine huwa na uzito zaidi. Vitamini D huyeyuka katika mafuta, hivyo nyongo isipofika utumboni vizuri, sehemu yake kubwa hupotea na choo. Mgonjwa aliyedhoofika hula kidogo na hushinda ndani. Kwa hiyo kuishi katika nchi yenye jua mwaka mzima si kinga.

Tena, kalsidioli husafiri katika damu ikiwa imeshikwa na protini inayotengenezwa na ini lenyewe. Protini hiyo ikipungua, kipimo huweza kuonyesha upungufu mkubwa kuliko ule uliopo.

Athari

Upungufu wa muda mrefu hulainisha mifupa ya watu wazima na huleta matege kwa watoto. Wenye magonjwa ya mirija ya nyongo, ambao mifupa yao huwa dhaifu hata bila upungufu huo, huvunjika kwa urahisi zaidi.

Matibabu

Mwongozo wa lishe wa Jumuiya ya Ulaya ya Utafiti wa Ini (EASL) wa mwaka 2019 unashauri mgonjwa mwenye chini ya nanogramu 20 kwa mililita ya damu apewe vitamini D ya kumeza hadi azidi 30. Nyongo ikiwa haba, kalsidioli ya vidonge hufyonzwa kwa urahisi zaidi kuliko vitamini D ya kawaida.

Kupandisha kipimo, hata hivyo, si sawa na kuponya ini. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2021, yaliyokusanya majaribio 27, hayakupata ushahidi wa kutegemeka kwamba nyongeza hiyo hupunguza vifo vya wagonjwa wa ini. Huenda kiwango cha chini ni dalili ya ukali wa ugonjwa kuliko kuwa chanzo chake. Faida inayotarajiwa zaidi ni ya mifupa.

Dozi kubwa bila usimamizi wa daktari huzidisha kalisi katika damu na kuleta kiu, kutapika, kukojoa mara kwa mara, mawe ya figo, na hata figo kushindwa kufanya kazi.